Kawa Halikurudi

Sinia lilirudi Jumanne, baada ya Alasiri,
limebebwa na kijana asiyetutazama usoni.
Halua haikumegwa.
Ujumbe ulikuwa mfupi, umekunjwa kama risiti:
wazee wamekaa, wametazama,
si kufu yetu.

Kaka yangu Twalibu akacheka, halafu akaacha,
akaenda kuosha gari lililokuwa safi.
Mama akahesabu: sinia lipo, kitambaa kipo,
vikombe sita vipo.
Kawa halipo.

Kawa lile alilisuka nyanya wa mama,
ukindu mweusi kwa mwekundu.
Zafarani, ndilo jina alilopewa hapa.
Mwenzake, waliyefungwa naye shingo kwa shingo,
wakamwita Marijani.
Ndivyo walivyoita mabwana wa mji huu:
Almasi, Feruzi, Tufaha,
au siku ya kununuliwa.
Jina la kitu, ili ukiliita usisikie mtu.

Akaja Mwingereza na sheria yake,
akafungua mkoba, akalipa fidia.
Kwa bwana.
Mimi ni karani wa hesabu, nimezoea madaftari,
lakini hiyo sijapata kuisawazisha.
Kisha daftari la pili, la kodi na la mgao:
huyu Mwarabu, apite huku, apewe mchele;
huyu mwenyeji, asubiri kule, apewe mahindi.
Mstari wa wino tu.
Lakini wino ukalowa ngozini,
ukaingia hata kwenye kitana:
shangazi yangu akimchana mtoto
husema, "Hizi nywele za watu wa shamba,"
na mtoto ni wake.

Shuleni walinifundisha kuwa muungwana
ni mtu mwenye adabu.
Nyumbani nikajua maana yake ya zamani:
mtu asiyekuwa na bei.

Jumatano nikaenda kulidai kawa.
Nyumba ile iko nyuma ya Ndia Kuu,
mlango wa nakshi, misumari ya shaba,
baraza limeng'aa kwa makalio ya vizazi.
Nikabisha hodi, nikaitikiwa, nikainua mguu,
kidole gumba kikagonga kizingiti.

Neno likanitoka.
Si la Kiswahili, si la Kiarabu.
Kwetu hakuna ajuaye maana yake wala lugha yake;
Zafarani alikuwa akilisema akijikwaa,
tukalirithi kama wengine wanavyorithi mikufu.
Silabi tatu. Sitaziandika hapa.

Ndani alikuwa Bi Thureya, macho yana utando,
ndiye, nasikia, aliyetamka si kufu.
Tasbihi ikasimama mkononi mwake.
"Umelitoa wapi hilo?"
Nikamwambia, kwa nyanya wa mama yangu.
Jikoni kitu kilikuwa kikiungua,
hakuna aliyekwenda.
Akasema, si kwangu, kwa mguu wangu uliokuwa ukitoka damu:
"Nyanya yangu alikuwa akilisema. Akijikwaa."

Sikumwuliza nyanyake aliitwa nani.
Nilipiga hesabu mwenyewe, ndiyo kazi yangu:
walishuka wawili,
mmoja kaelekezwa jikoni, mmoja kaelekezwa chumbani,
hakuna aliyeulizwa.
Wa chumbani kazaa, bwana akamkiri mtoto,
na mtoto akawa Mwarabu kabla hajafutwa maji.
Wa jikoni kazaa, na mtoto akawa sisi.
Weusi ni mmoja.
Mlango ndio uliokuwa mwingine.

Nikapewa kawa. Nikapewa na kitambaa cha kufunga kidole.
Mlango ukafungwa taratibu,
lakini ukafungwa.

Ijumaa tukasikia binti kaposwa na mtu wa Malindi,
ukoo unajulikana.
Mama alikuwa amekaa na kawa mapajani,
akichomoa kwa kucha ukindu uliobonyea.
Nilimsimulia yote, tangu hodi.
Hakuinua kitwa.
"Wamelikalia," akasema.